Besi ya Mzee Mayige

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Siku njema kuliko zote za mwaka huu! Nimezitendea wema kompyuta mbili.

Toleo jipya la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, limetoka rasmi. Nililiona asubuhi hapa dukani, kwenye steshenari yangu jirani na stendi ya Bariadi. Nikalipakua palepale, nikaliweka kwenye kompyuta yangu. Linang'aa! Madirisha yana kona za mviringo. Nikajiuliza: hivi mimi Sylvester nikae na kona za mviringo mjini, huku mama mkwe wangu kule Kasoli anahangaika na kona kali? Haiwezekani. Nikafunga duka, nikapanda pikipiki.

Harusi yangu na Nyanjige ni Jumamosi ijayo. Huu ndio wakati wa kujiongezea maksi kwa mama mkwe.

Ugumu ni mmoja tu. Ng'ombe wa mahari walifika kwao mwezi wa sita. Kabla ya ng'ombe kufika, mimi nilikuwa fundi. Nilikaa na yule mama meza moja, nikamfundisha kushika kipanya, tukacheka. Ng'ombe walipoingia zizini nikawa mkwe. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawasemezani ana kwa ana. Kompyuta yenyewe iko sebuleni kwake, juu ya meza ya marehemu baba mkwe, Mzee Mayige, na mama amekwisha sema haitoki pale. Kwa hiyo nikiingia sebuleni, yeye anatoka kwenda jikoni. Kukiwa na neno, Nyanjige anasimama mlangoni katikati na kulipeleka upande wa pili.

Nikaweka toleo jipya. Nikatangaza, kupitia kwa Nyanjige, kwamba mashine sasa ni ya kisasa. Jikoni wakashukuru, kupitia kwa Nyanjige. Baadaye akaja kuku! Paja na kidari. Nimerudi mjini nikiimba.

Jumamosi, 2 Agosti

Nyanjige amepiga simu. Sauti Nne haifunguki.

Nimemwambia imechoka, ipumzike kidogo. Amesema programu hazichoki. Huo ndio ubaya wa kuchumbia mwalimu wa shule ya msingi.

Sauti Nne ni programu yangu. Niliiandika mwenyewe nilipotoka chuo, kwa ajili ya Mzee Mayige, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kigango. Unaandika noti zako za d-r-m, sauti zote nne zinajipanga mstari chini ya mstari, unachapa, unawagawia wanakwaya. Kazi safi. Pia ilikuwa njia yangu ya kuingia kwenye ile nyumba nikamwona binti. Ilifaulu pande zote mbili.

Nimejaribu kuifungua hapa dukani. Kimya. Nikaiita kwa kuandika amri, ikajibu kwamba maktaba inayoitegemea haipo. Ndipo nikaelewa. Sauti Nne haijui kuchora kitufe wala dirisha. Inaazima. Kila inapotaka kitufe inakwenda kwenye maktaba ya programu, yaani msimbo, amri zilizokwisha andikwa na wengine na kuwekwa ndani ya mfumo, inaomba, inapewa. Niliiandika iombe toleo la pili la hiyo maktaba. Mfumo mpya umelitupa toleo la pili. Umebaki na la nne, na la nne halitambui maombi ya zamani.

Jambo dogo! Ningelicheka, kama isingekuwa ule wimbo.

Mzee Mayige alitunga wimbo kwa ajili ya harusi ya Nyanjige. Soprano walifundishwa, alto wakafundishwa, tenor pia. Besi alikuwa bado anaikarabati kwenye kompyuta. Kisha akaugua, na mwezi wa tatu tukamzika. Hiyo besi hakuna aliyewahi kuiimba. Imo kwenye faili moja tu duniani, na faili hilo linasomwa na Sauti Nne tu, kwa sababu nililifunga kwa mpangilio wangu wa siri ili yule mjuaji Mayunga asiniibie. Leo siri imenishinda mwenyewe.

Mama mkwe ana ombi moja kwa harusi hii. Hakuomba gari, hakuomba maturubai. Anataka binti yake akitoka kanisani, besi ya mumewe iwe inasikika.

Mazoezi ya mwisho ni Alhamisi. Nimetuma ujumbe: Mama asiwe na wasiwasi wowote!

Jumapili, 3 Agosti

Mayunga! Huyu ni binamu yake Nyanjige, anafundisha kompyuta chuoni, na ndiye kiongozi wa besi. Kila alichonacho amekipata bila kutoka jasho, hata hiyo sauti.

Alinisimamisha baada ya misa, mbele ya watu, akauliza besi yake iko wapi. Nikasema kuna marekebisho madogo ya kiufundi. Akasema amesikia nilibadilisha mfumo mzima wiki moja kabla ya harusi bila kujaribu kama Sauti Nne itakubali. Akasema dawa inajulikana: watu wa ile maktaba wameandika mwongozo, kila amri iliyoondolewa imewekewa mbadala wake. Nikae, nifungue msimbo wangu, nibadilishe amri moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Akasema yuko tayari kunisaidia.

Kunisaidia! Nikamwambia mtunzi wa programu hasaidiwi.

Kubadilisha amri moja baada ya nyingine ni kazi ya watu wasio na akili. Mimi nina akili. Nimepata njia wakati wa matangazo ya kigango. Programu inatafuta maktaba kwa jina. Basi nitalichukua toleo la nne, nilipe jina la toleo la pili! Sauti Nne itapiga hodi, itaona jina lilelile mlangoni, itaingia. Nani atajua?

Jumatatu, 4 Agosti

Imejua.

Ilifunguka, nakiri kwa furaha, ilifunguka! Pale sebuleni Kasoli, kwa muda wa kupepesa jicho. Niliiona "Sauti" kabla "Nne" haijatokea. Kisha dirisha likaanguka, na katika kuanguka likaondoka na wenzake. Saa ikapotea. Menyu ikapotea. Ile programu ya picha, ambayo mama mkwe huifungua kila jioni kumtazama marehemu akiwa Mwanza na kofia, nayo ikakataa. Ikabaki picha ya ukutani ya ua la njano na mshale wa kipanya.

Kutoka jikoni nikasikia kikohozi. Nyanjige akaja mlangoni akasema Mama anauliza kama ule usasa ndio huu.

Nimeyafuta majina ya uongo. Saa imerudi, menyu imerudi, Mzee na kofia yake wamerudi, namshukuru Mungu. Sauti Nne haijarudi.

Chakula cha leo: michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Mikavu. Hata karanga hazikuwekwa. Nimeitafuna yote nikisifu kwa sauti ili isikike jikoni.

Jumanne, 5 Agosti

Akili haikauki. Nilikumbuka Gloria!

Gloria ana duka la mbegu na fotokopi pale Dutwa. Miaka ile nilimwekea Linux na Sauti Nne pamoja, kwa kuwa naye aliimba alto. Kompyuta yake ni ya zamani, mfumo wa zamani, kwa hiyo maktaba ya zamani imo. Nachukua faili kwenye flashi, nalifungua kwake, nachapa, narudi nikiwa shujaa. Mayunga ataona.

Njiani nilipita magari ya pamba yakiwa yamejaa mpaka juu, nikayapungia mkono. Nilikuwa na raha hiyo. Nikafika, nikasalimia mwangaluka ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita, nikaomba kiti, nikawasha mashine.

Kona za mviringo.

Nikamtazama Gloria. Gloria akanitazama. Akanikumbusha kwamba mwezi uliopita, nilipokuja kurekebisha printa, nilimpa zawadi. Nilisema ni toleo la majaribio, bado halijawafikia watu wa kawaida, na kwamba yeye ndiye wa kwanza Simiyu nzima. Akasema tangu siku ile programu ya kuchapa bei za mbegu haifunguki, anaandika bei kwa mkono, na alikuwa anangoja kwa hamu nipite.

Nimesema nitarudi. Amesema hana shaka, kisha akabaki na ufunguo wa pikipiki yangu mpaka nilipomwandikia bei zote za mahindi kwa maandishi mazuri.

Jumatano, 6 Agosti

Sikwenda Kasoli. Nyanjige amepiga simu mara nyingi, na kila mara sauti yake inakuwa ya upole zaidi. Hilo linanitisha.

Nimekaa dukani nikafikiri kiume. Wanataka nini? Besi. Besi ni nini? Noti. Noti ni nani anazimiliki? Hakuna. Soprano ninayo, Nyanjige ameniimbia mpaka naijua. Tenor ninaijua kwa sababu tenor wanaipigia kelele stendi nzima. Besi ni kuweka chini yake kitu kinachokubaliana. Mzee angetunga nini? Angetunga kitu kizuri. Mimi nikitunga kitu kizuri, tofauti iko wapi?

Nimetunga besi! Imenichukua asubuhi nzima. Mwisho wake nimeupandisha juu, noti kwa noti, wanakwaya wote wasimame kwa vidole vya miguu. Nilipoimba peke yangu, mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti alitoka nje.

Nimeichapa. Juu nimeandika: *Mtunzi, Marehemu Mwl. Mayige*. Hapo nikaacha kidogo, nikaenda kununua andazi. Nadhani ni njaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sitaki kuandika leo. Lakini naandika.

Mazoezi yalikuwa uani kwa mama mkwe. Yeye alikaa na alto karibu na jiko. Mimi, kwa adabu, nikakaa upande wa pili wa zizi, ng'ombe wakiwa kati yetu. Wengine kati yao ni wale niliowatoa mimi. Nyanjige akagawa karatasi. Mayunga akaitazama ya kwake, akakunja uso, akakohoa, akaanza.

Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita. Tulipofika mwisho, besi ikapanda, ikapanda, Mayunga akainua kidevu, mishipa ikamtoka shingoni. Mama mkwe akanyoosha mkono. Kwaya ikanyamaza.

Hakunitazama. Aliwageukia ng'ombe, akasema nao kwa sauti ya kunifikia. Aliwaambia kama kuna mtu huko, basi mtu huyo aambiwe kwamba Mzee kila jioni akifunga zizi hili alikuwa ananguruma kipande cha mwisho cha besi yake. Yeye mwanzo haujui. Katikati hapajui. Lakini mwisho anaujua, na mwisho ulikuwa unashuka. Hiki walichoimba kinapanda kama mbuzi juu ya paa. Kisha akasema polepole kwamba ni heri wimbo uimbwe bila besi, kuliko kuimbwa na besi ya mtu mwingine kwa jina la mumewe.

Ng'ombe wote walinigeukia. Sitii chumvi.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitamani anitukane. Mayunga naye hakucheka, na hilo liliniuma kuliko angecheka. Alizikusanya karatasi zile, akazikunja, akazitia mfukoni mwake watu wasizisome.

Nyanjige akazunguka zizi, akakaa kando yangu. Nilijiandaa kujieleza. Aliniuliza kitu kimoja: inatengenezeka au haitengenezeki? Nikasema inatengenezeka. Akauliza kwa njia gani. Nikasema kwa ile njia ya Mayunga. Maneno yale yalinipita kooni kama mwiba wa sato. Akasema basi, akanipangusa vumbi begani. Nampenda huyu binti kuliko programu zote nilizowahi kuandika.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Kasoli nzima imehamia Nyakabindi kwenye maonyesho. Sisi tumebaki: mimi sebuleni, Mayunga kiti cha pili, Nyanjige mlangoni, mama mkwe jikoni nyuma ya pazia.

Nilimpigia Mayunga mwenyewe, jana jioni. Nilimwomba. Alikuja asubuhi na mwongozo wa maktaba kwenye simu, akasema "nilisema" mara moja, halafu mara nyingine, halafu Nyanjige akamtazama akaacha.

Tukafungua msimbo wangu. Mungu wangu! Uliandikwa na kijana mmoja mvivu mwenye mbwembwe. Sehemu moja ameandika maelezo yasemayo "hapa usiguse, sijui kwa nini inafanya kazi". Mayunga alisoma kwa sauti. Jikoni mtu akacheka, kisha akajifanya anapuliza moto.

Kazi yenyewe ni kama kurudi nyumbani ukakuta milango imehamishwa. Zamani nilisema: panga vitufe hivi kwenye sanduku hili. Amri hiyo imeondolewa, kuna nyingine. Zamani nilisema: fungua dirisha la kuuliza, subiri jibu. Siku hizi dirisha halisubiriwi, linakuita lenyewe likipata jibu. Mayunga anasoma ya zamani, anasoma mpya, mimi nabadilisha, tunajaribu, inakataa, inataja mstari, tunaurekebisha, inakataa kwa sababu nyingine. Kukataa kwa sababu nyingine ndiyo maendeleo, alisema Mayunga. Nilianza kumpenda. Nikajizuia.

Adhuhuri dirisha likafunguka. Likabaki limefunguka! Nikafungua faili. Wimbo mzima ukatokea, soprano, alto, tenor, na chini yao mstari ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona ila aliyeuandika.

Mayunga akaimba. Kutoka nyuma ya pazia: sivyo. Umekaribia, lakini sivyo.

Tukatazamana. Faili ni lilelile, noti ni zilezile. Ndipo nikagundua. Maktaba mpya inapima upana wa herufi kwa namna yake. Sauti Nne inazipanga noti kwa vipimo vya zamani, kwa hiyo mstari wa chini ulikuwa umesogea, na kila noti ya besi ilianguka baada ya mahali pake. Nikamwomba Nyanjige amwombe Mama atuimbie ule mwisho. Nyanjige hakuhitaji kuupeleka ujumbe. Pazia lilikuwa limeanza kunguruma. Mama mkwe, sauti yake ya alto, akishuka chini kadiri anavyoweza, kama mtu anayefunga zizi.

Nikarekebisha vipimo huku nikimsikiliza. Noti zikarudi moja moja chini ya wenzake. Moja tu ikaniudhi: karibu na mwisho, Mzee aliivuta noti moja ndefu mno, ikazidi sauti nyingine zote. Kosa la wazi. Kidole changu kikaenda kulifuta. Nyanjige akakitazama kidole changu. Nikakirudisha.

Mayunga akaimba. Ilipofika ile noti ndefu akaivuta kama ilivyoandikwa, peke yake, wengine wakiwa wamekwisha nyamaza. Halafu ikashuka.

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Halafu mama mkwe akasema, si kwa ng'ombe, si kwa Nyanjige: rudieni. Tukarudia. Akaomba tena, tukarudia tena. Mimi nililia. Mayunga anasema ulikuwa moshi wa jikoni. Na yeye moshi ulimpata.

Tukachapa. Alasiri akaja kuku, safari hii mzima. Juu ya wali, peke yake kwenye kisahani, firigisi. Nikaitazama. Kwenye nyumba ile firigisi ilikuwa ya Mzee Mayige. Nyanjige akasema Mama amesema nile. Nikala.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeoa!

Tulitoka kanisani mkono kwa mkono, kwaya nyuma. Besi walijifunza jana jioni na leo alfajiri, na walikuwa imara. Ile noti ndefu ilipobaki peke yake hewani, Nyanjige alinibana vidole mpaka vikafa ganzi. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa umati, ametazama chini kama inavyotakiwa, na mimi nilitazama chini kama inavyotakiwa, na wote wawili tulikuwa tunacheka huku tunalia. Sijui nilijuaje bila kumtazama. Nilijua.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi Nyanjige, mke wangu (mke wangu!), ameniletea ujumbe wa mama mkwe. Amesema *wabeja* sana, yaani asante sana. Nyimbo zote za Mzee sasa zinafunguka, na atazichapa moja baada ya nyingine apendavyo. Ana ombi dogo tu: ile mashine isiguswe tena na mtu yeyote. Nimekubali kwa moyo wote, nikaapa. Kuna vitu vya kuachwa vilivyo. Hilo nimelielewa kabisa.

Baada ya misa nilipita ofisi ya parokia kuwashukuru. Katekista Thomasi, mtu mwema mno, alikuwa anahangaika na kompyuta za pale. Tatu! Nikachungulia. Maskini, zote ziko kwenye mfumo wa mwaka ule Mzee Mayige alipokuwa bado na meno yote. Alisema zinafanya kazi vizuri tu. Nikamwonea huruma. Watu wengi hawajui wanavyoteseka.

Nimejitolea, bure kabisa, kuzihamishia zote kwenye toleo jipya kesho asubuhi. Aliuliza kama tuanze kwa kuhifadhi nakala za kila kitu pembeni. Nikamwambia hapana haja, hiyo ni kupoteza nusu siku, na mambo ya maktaba za programu sasa nayajua ndani nje. Mayunga nisimwambie, atataka kuja na mwongozo wake.

Nitaanza na ile ya vyeti vya ndoa. Chetu kimo humo, hakijachapwa bado. Nyanjige atafurahi!